Ushuhuda wa mtu ambaye bado anaumwa

Jumapili saa ya ushuhuda ikifika, wanaosimama ni waliokwisha kuvuka. Aliyekuwa hana kazi ameipata. Aliyekuwa kitandani anatembea. Aliyefungiwa nyumba kwa ajili ya kodi amefunguliwa mlango. "Bwana asifiwe!" "Amina!" "Bwana asifiwe tena!" Nasi tunapiga makofi, na mimi napiga kwa moyo wote, maana furaha ya mwenzangu ni furaha yangu. Lakini kwa miaka mingi nimekaa kwenye benchi lile nikiwaza: aliye bado majini asimame lini? Yule ambaye homa haijashuka, deni halijalipwa, mume hajarudi, hana la kumshuhudia Mungu mpaka mambo yake yanyooke?

Mimi sijavuka. Na kwa ninavyoelezwa kliniki, ugonjwa wangu nitaishi nao. Hata hivyo nina ushuhuda, na nimechoka kuusubiri upate mwisho mzuri ndipo niutoe.

Nina siko seli. Ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa watu wengi ni laini na za mviringo, kwangu hukakamaa na kujipinda umbo la mundu. Zikifika kwenye mishipa myembamba hukwama, zikaziba njia, na pale palipokosa damu pakaanza kuuma. Maumivu yake sijui niyafananishe na nini. Huingia kwenye mfupa wenyewe, kiunoni, magotini, kifuani, na mara nyingi huchagua usiku. Yakitulia, nabaki siku kadhaa nikitembea kwa kushika ukuta.

Vinavyoyachokoza vinajulikana: kiu, baridi, uchovu, homa, mawazo mengi. Mkazi wa Mombasa ataona mara moja shida iko wapi. Kaskazi ikiingia, Januari na Februari, jasho linakutoka umekaa tu, na mimi natakiwa kunywa maji mengi kuliko mtu mwingine. Hapa kwetu Kisauni maji ya mfereji huja yakipenda, ya kisima yana chumvi, kwa hiyo ya kunywa nanunua ya mkokoteni, dumu kwa dumu. Kusi nayo ikianza kuvuma na mvua za rasharasha za Julai, baridi ambayo mtu wa Limuru hata haiiti baridi inatosha kunilaza.

Na ugonjwa huu una mizizi huku kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii akipima damu za watu. Akakuta kwamba chembe ya urithi inayoleta siko seli, yaani jeni yake, imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi, na ni haba mno nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili ndiye mgonjwa kama mimi. Hilo nimelitafakari sana. Mama yangu anayo upande mmoja, na marehemu baba vivyo hivyo. Huenda ndiyo iliyowaokoa utotoni, malaria ilipokuwa ikizoa watoto wa vijiji vizima. Kinga ya wazazi wangu ilipokutana kwangu ikawa ugonjwa. Watu hutaka nimwulize Mungu kwa nini. Nimemwuliza. Jibu sijapewa, na siku hizi naweza kuketi mbele zake bila hilo jibu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule, madera, na nguo za wasimamizi wa harusi. Cherehani yangu ya kwanza ilikuwa ya miguu. Goti likivimba kazi imesimama, na simu za wateja haziishi. Desemba na Januari ndiko riziki iliko, na ndiko joto liliko pia. Naeleza haya kwa sababu udhaifu ukihubiriwa huwa mtamu, unadhani ni unyenyekevu fulani hivi wa rohoni ambao mtu huuvaa akienda kanisani. Udhaifu ninaouzungumzia ni kitambaa kilichokatwa hakijaungwa, mzazi yuko mlangoni anataka sare ya mtoto kwa sababu shule zinafunguliwa kesho, na vidole vyangu haviwezi kukaza mkasi. Ni mama kunivalisha blauzi, mimi mwanamke mzima, akiniingiza mkono mmoja mmoja polepole nisije nikapiga kelele.

Usiku maumivu yakipanda, mama huchemsha maji, huloweka leso, huikamua kwa vidole vinavyoungua, akanikanda mgongo. Hasemi mengi. Ikipoa huiloweka tena. Wakati huo mimi siombi. Watu hudhani mgonjwa huomba kuliko wote, na labda wapo wanaoweza. Mimi yakinifika pale juu hayaniachii nafasi ya kuunga maneno mawili. Hubaki jina la Yesu, na kuna saa hata hilo mama ndiye hulisema kwa niaba yangu. Kwa muda mrefu jambo hili lilinitia hofu. Usiku nisioweza kuomba, nani amenishika?

Aliyenitoa hofu ni Paulo, katika Warumi 8:26: "Kadhalika Roho naye hutusaidia udhaifu wetu, kwa maana hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Nilikuwa nimeusikia mstari huu tangu shule ya Jumapili, lakini niliusoma upya nikiwa wodini, dripu mkononi, na nikauona una kitu sikuwa nimekiona. Paulo anakubali kabisa kwamba hatujui kuomba. Halafu anasema maombi yanaendelea. Yanaendelea ndani yangu wakati mimi nimeuma foronya na machozi yananitoka. Mungu Roho anaomba kwa Mungu Baba kwa ajili ya mtu ambaye hana hata "Amina" ya kuitikia. Kwa hiyo usiku ule sijaachwa. Huenda ndio usiku ninaoombewa kuliko wote.

Sasa niseme jambo linaloniuma.

Nikiwa msichana nilipelekwa kwenye mkutano wa injili. Mhubiri aliniwekea mikono, akatangaza kwamba nimepona, kisha akasema mbele ya watu kwamba atakayemeza dawa baada ya maombi hayo amemfanya Mungu mwongo. Watu wakashangilia. Mama akanishika mkono, tukashuka jukwaani, tukatafuta matatu. Tumekaa kiti cha nyuma, akaniambia, "Mwanangu, tukifika nyumbani utameza dawa yako. Yule daktari naye akili kapewa na Mungu huyu huyu." Mama hakusoma sana, na mpaka leo sijasikia mafundisho ya uponyaji yaliyo safi kuliko hayo.

Maneno kama ya mhubiri yule yanaua, na sitayazungukia kwa adabu. Mtoto mdogo mwenye siko seli anahitaji penisilini ya kumkinga na maambukizi na foliki asidi ya kusaidia mwili kutengeneza damu, na wengi wetu tunatumia haidroksiyurea, ambayo haiponyi lakini hufanya maumivu yasije mara kwa mara. Kumwachisha mtu dawa hizo kwa jina la imani ni kumtwisha mzigo ambao Kristo hakumtwisha. Na akizidiwa anaambiwa nini? Kwamba imani yake ilikuwa haba. Anaumwa, na juu ya kuumwa anashtakiwa.

Biblia yenyewe haisemi hivyo. Paulo, ambaye Matendo ya Mitume inatuambia leso zilizotoka mwilini mwake zilipelekewa wagonjwa wakapona, huyo huyo mwishoni mwa waraka wake wa pili kwa Timotheo anaandika kwa kifupi: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Basi. Hakuna lawama, hakuna uchunguzi wa dhambi za Trofimo. Alikuwa hawezi, safari ikabidi iendelee, akaachwa apumzike. Timotheo mwenyewe alikuwa na tumbo linalomsumbua na maradhi ya mara kwa mara, na Paulo anamwelekeza atumie mvinyo kidogo, tiba ya zama zile. Epafrodito aliugua karibu na kufa. Hawa si watu wa pembeni. Ni watumishi walioshinda na mtume, wakafanya kazi naye. Mkono uliowaponya wageni haukuwaponya wote waliokuwa nyumbani, na mtume hakuona haya kuliandika.

Halafu kuna mwiba wake mwenyewe, katika 2 Wakorintho 12. Hatuambiwi ulikuwa nini. Wengine wanasema ni macho, wengine homa, wengine wapinzani. Mimi nashukuru tumefichwa, maana tungejua, kila mmoja wetu angepima wa kwake kwa ule. Alimsihi Bwana mara tatu umtoke. Na mara nyingi nasikia ikihubiriwa kwamba Mungu hakumjibu Paulo. Alimjibu, tena kwa sauti: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba ulibaki pale pale ulipokuwa, na uweza ukaja ukakaa juu ya mwili ule ule uliochomwa. Haukungoja mwiba utoke kwanza.

Hapo ndipo ushuhuda wangu ulipo. Miaka yote nilikuwa nimefundishwa kuzitazamia nguvu za Mungu upande wa pili wa ugonjwa: nikipona, nitazijua. Ndizo hizo zinazosimuliwa saa ya ushuhuda. Lakini Bwana anamwambia Paulo kwamba mahali zinapotimilika ni humu, kwenye kisichoweza. Nikiwa bado nashika ukuta.

Wala Paulo hauiti udhaifu mzuri. Mwiba anauita mjumbe wa Shetani wa kumpiga. Mimi pia siupendi ugonjwa wangu, na kesho nikiambiwa nichague, nitachagua afya kabla swali halijaisha. Anayemwambia mgonjwa kwamba maumivu ni zawadi amwache kwanza aseme mwenyewe.

Ukipanda matatu kutoka mjini kuja huku kwetu, ukishavuka Daraja la Nyali utamsikia makanga akiita "Kengeleni! Kengeleni!" Wengi hushuka pale wakakimbilia soko la Kongowea bila kuitazama kengele yenyewe. Ni kengele ya Freretown, makazi ambayo chama cha wamisionari cha CMS kilianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Ilipigwa kuonya kwamba hatari inakuja. Fikiria watu waliokuwa wakiisikia: wamekonda, wana vidonda, watoto wasioweza kusema wametoka kijiji gani wala mama yao ni nani. Na ni kwao, pamoja na Waafrika waliookolewa na kusomeshwa Nasik kule India, ndiko walikotoka walimu na wahubiri wa mwanzo wa Kanisa huku Pwani. Nikiwa na nafuu hupita pale kwa miguu kwenda kununua uzi na zipu, na sipiti bila kuiangalia.

Kabla ya kengele kulikuwa na kaburi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa mwezi Mei 1844 pamoja na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Julai homa ikawakamata wote wawili. Rosine akajifungua mtoto wa kike, akafa siku chache baadaye, na kichanga kikamfuata mama yake. Krapf alikuwa kitandani na homa ile ile. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande huu wa Nyali. Kisha mjane yule, hana mke, hana mtoto, hana hata Mkristo mmoja aliyempata, aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile la upweke kwenye pwani ya Afrika Mashariki liwe ishara kwao kwamba vita vimeanza, na kwamba ushindi wa Kanisa hupatikana kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Sipendi maneno hayo yanukuliwe haraka haraka kwenye mahubiri. Rosine alikuwa mtu, na mtoto yule alikuwa mtoto. Lakini aliyeyaandika ndiye aliyewazika, basi nayapokea kutoka kwake.

Miaka miwili baadaye, 1846, akaja Johannes Rebmann. Siku ya kwenda kuanzisha kituo Rabai, juu ya vilima vile vinavyoonekana ukiwa Mazeras, wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wanapokezana: huyu anapanda, yule anajikokota. Krapf aliandika baadaye kwamba ni nadra kazi ya umisheni kuanza katika udhaifu kama ule, na kwamba ilipasa iwe hivyo, ili wao wasijivunie nguvu zao, na watakaowafuata wasisahau kwamba Mungu hutumia hata udhaifu wa wanadamu kutimiza makusudi yake. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliisoma tena kwa sauti, mama akisikiliza. Tulikuwa tumeambiwa shuleni kuhusu Kilimanjaro ambayo Rebmann aliiona 1848, na Mlima Kenya ambao Krapf aliuona 1849. Habari za punda hatukuambiwa.

Wa kwanza kubatizwa pale Rabai naye aliitwa Mringe. Alikuwa kiwete, na alibatizwa akiwa mgonjwa, akafa muda mfupi baadaye. Kwa hesabu za watu wanaohesabu mafanikio, hiyo ni kazi bure: miaka na miaka ya kuhubiri, na anayeitikia ni mtu asiyeweza kutembea ambaye hatakaa. Rebmann alibaki Rabai mpaka 1875, karibu miaka thelathini bila kurudi kwao, akapofuka, na alipoondoka ilibidi aongozwe mkono. Aliacha waumini wachache sana. Leo nenda uhesabu makanisa kati ya Rabai na bahari.

Sijui ni lini tulianza kufikiri kwamba dalili ya Mungu kuwa na mtu ni mtu huyo kutodhoofika. Hatukujifunza jambo hilo kwa waliotutangulia hapa Mombasa. Imani hii ilitufikia mikononi mwa wafiwa, wenye homa, kipofu, kiwete na watoto waliotolewa utumwani.

Lakini nguvu hizi zinazokaa juu ya mtu dhaifu, zinakuja zikiwa na sura gani? Nauliza kwa sababu nilikuwa nikizingoja zije kwa namna ya kusisimka, joto fulani kifuani. Zimewahi kuja hivyo pia, sikatai. Mara nyingi zaidi zimekuja kwa namna aliyotendewa Eliya.

Nabii aliyetoka kuomba moto ukashuka mlima Karmeli, sura inayofuata yuko jangwani chini ya mretemu anaomba afe. Amechoka mwili na roho. Mungu hamkemei. Hamkumbushi muujiza wa jana wala hamwambii atubu kwa kukata tamaa. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa, na hapo kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Anakula, analala tena. Anaamshwa mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Nayapenda maneno haya kuliko mengi katika Maandiko. Mbingu yenyewe inakiri kwamba safari imemzidi mtu huyu, na kwa sababu imemzidi, analetewa chakula. Sauti ndogo ya utulivu kule Horebu itakuja, lakini itakuja mtu akiwa amelala na amekula.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni Mwislamu, mama wa makamo mwenye wajukuu. Akisikia komeo letu limefunguliwa usiku wa manane anajua. Asubuhi anabisha hodi na uji wa mchele uliotiwa nazi, umefunikwa sahani, na pembeni mahamri mawili. "Ugua pole, mwanangu. Mola atakuafu." Hukaa ukingoni mwa kitanda mpaka aone bakuli liko tupu, kisha huchukua chombo chake akaondoka. Nikila uji ule namkumbuka Eliya. Yeye ana imani yake nami nina yangu, na katika yangu najua aliyeagiza uji.

Kwa kiburi changu ilikuwa rahisi kumtegemea Mungu kuliko kumtegemea mtu. Nikimtegemea Mungu, mtaa haunitazami nikibebwa kuingizwa kwenye tuktuk saa nane za usiku na dera limenipanda magotini. Lakini yule mwenye kupooza wa Marko 2 hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, wakamteremsha. Na Biblia inasema Yesu "alipoiona imani yao". Yao. Ya mgonjwa haikutajwa peke yake. Pengine alikuwa ameshachoka kuamini, pengine aliona haya kubebwa mbele za watu. Imani ya wanne wale ilimtosha mpaka akafika. Musa naye kule Refidimu mikono ilimzidi uzito, wakamkalisha juu ya jiwe, Haruni na Huri wakamshikilia huku na huku mpaka jua likachwa. Hakuna anayesema Israeli ilishinda kwa sababu Musa alijikaza.

Yapo mambo ambayo bado hayajatulia ndani yangu. Kulikuwa na mchumba, tukaenda kupima damu pamoja, naye akakutwa anayo chembe hiyo upande mmoja. Maana yake kila mimba yetu ingekuwa na nusu ya uwezekano wa kuzaa mtoto mgonjwa kama mimi. Tuliachana kwa amani, kama inawezekana kuita hivyo. Kwa wazazi kama wangu, wenye chembe upande mmoja kila mmoja, uwezekano ni robo kwa kila mimba, na hilo vijana wengi hawalijui mpaka mtoto azaliwe. Natamani makanisa yanayowafundisha wachumba kwa majuma mengi habari za bajeti na wakwe yaweke na jambo hili, na mapema, kabla mioyo haijafungamana. Hilo la mchumba silisemi zaidi. Siku hizo nilisoma Zaburi ya 88, ambayo haina mwanga mwishoni, inamalizikia gizani. Aliyeipanga kitabuni hakuiongezea mstari wa furaha, na nilimshukuru Mungu kwamba aliacha mtu amlilie hivyo mpaka mwisho na bado kilio chake kiitwe Neno.

Katika ushirika wetu wa Jumatano nilifika mahali nikaomba kitu. Walikuwa wakija kuniona, wanaimba, wanaomba, wanaacha sukari na sabuni, wanakwenda. Nikawaambia nashukuru, lakini maumivu huja usiku na wao huja mchana. Tukapanga zamu, tukaandika orodha. Kuna kijana mwenye tuktuk ambaye simu yake hailali. Kuna dada ambaye nikilazwa huja kuchukua nguo za wateja zilizobaki pindo akazimalizia, na hela ananiletea. Kuna wa kuhakikisha madumu yamejaa kaskazi ikiwa kali. Na kuna wanaojua vikundi vyao vya damu, kwa maana mara nyingine inabidi niongezwe damu na familia huambiwa itafute wa kuchangia. Kijana mmoja wa kwaya, mkimya, hajawahi kuongoza maombi mbele ya watu, alinyoosha mkono wa kushoto akasema, "Dada, mimi sijui kuomba vizuri, lakini hii chukueni." Damu yake ilinitembea mwilini wiki ile, na mimi niliyekuwa nimekauka midomo nikaweza kukaa kitako na kunywa chai. Mtu akiniuliza uweza wa Kristo ulikaa juu yangu lini, siku hiyo naitaja bila kusita.

Orodha ile haikuwa yangu peke yangu kwa muda mrefu. Kumbe kila nyumba ilikuwa na lake, limefunikwa. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kila mara tulimwona ndiye nguzo, alisema kwa mara ya kwanza kwamba halali usiku tangu alipofiwa na mkewe. Sasa wazee wawili humpitia jioni wakacheza bao mpaka usingizi umfikie karibu.

Nami nimewekwa kwenye zamu kama wengine. Nilikataa kuwa wa kupokea tu. Wiki hii nimepewa mama mmoja wa Mishomoroni aliyevunjika nyonga. Siwezi kumbebea maji wala kumgeuza kitandani, lakini kushona nashona nikiwa nimekaa. Basi namkatia madera yanayofunguka mbele, ya vifungo vikubwa, ili anapovalishwa asiinuliwe. Amechagua kitambaa cha maua ya buluu. La kwanza limebaki kutiwa vifungo.